Mrejesho: vitenzi vya Kiingereza vya kubadilika

Niliuliza kwa nini Kiingereza kina vitenzi vingi vya kusema kitu kimegeuka kuwa kingine, na kipi kitumike wapi. Ahsanteni sana mlionijibu. Kilichonifungua macho ni kutazama neno linalofuata kitenzi. "Go" hupenda maneno ya sifa (vivumishi), hasa ya kuharibika: milk goes sour, people go blind. "Turn" hupenda rangi, leaves turn yellow, lakini ikija nomino kwa kawaida hudai "into": water turns into ice. "Become" hubeba nomino bila kihusishi: she became a doctor. Ukisema "she got a doctor", amempata daktari, hajawa daktari! Hili la "get" natamani walimu walifundishe mapema, maana linapotosha wengi. Lenyewe hutaka sifa: it got cold.