Majina ya zamani ya pikipiki za Uingereza yamerudi (Norton, BSA, Brough, Hesketh). Ni uhai kweli au wanauza jina tu?

Mzee wa Kiki:
Wakuu habari za wikendi. Nipo Leicester huku, miaka yote nasukuma pikipiki ya Kijapani kwenda kazini na haijawahi kunisumbua, ila moyo wangu upo kwenye mashine za Kiingereza, zile za tangi la kromu, silinda mbili zimesimama wima, mlio mzito. Ya zamani yenyewe naiogopa, oili inavuja kila pembe na spea unazitafuta kwa tochi. Sasa naona karibu kila jina lililokufa limerudi, Norton ipo, BSA ipo, Brough Superior ipo, hata Hesketh ilirudi. Lakini nikisoma historia naona wengi wanafufuka leo kesho wamefilisika tena. Kwanini? Na hii BSA inayotoka India, tuiite BSA kweli? Na mtu mwenye hela ya kawaida ashike ipi?

Mkereza Vyuma:
Mkuu swali zuri sana. Mimi nakereza vyuma hapa Coventry so nitaongea upande wa kiwanda. Watu wanadhani kazi ni kulipata jina, wakati jina ndo rahisi kuliko vyote. John Bloor, mjenzi wa nyumba, alinunua jina la pikipiki za Triumph 1983 baada ya kile kiwanda cha Meriden kilichokuwa chini ya ushirika wa wafanyakazi kufilisika. Jina lisilale, akampa leseni Les Harris wa Devon, aliyekuwa anatengeneza spea, aendelee kuunda Bonneville zile zile, modeli maarufu ya Triumph, kuanzia 1985 mpaka 1988, zikatoka elfu moja na ushee hivi. Sasa angalia kilichomkuta Harris: waliokuwa wanauzia viwanda vya Kiingereza vifaa walikuwa wameshafunga milango, breki na shokapu za mbele ikabidi zitoke Italia. Hapo ndo wengi wanakwama. Unafufua jina, ila yule aliyekuwa anatengeneza rimu, yule wa waya za umeme, yule wa saa ya spidi, wote hawapo, na ukimwendea mtu leo na oda ya vipande mia mbili anakupa bei ya kukufukuza.

Bloor mwenyewe huku nyuma yuko Hinckley anajenga kiwanda na injini mpya kimya kimya, watu wake walikwenda mpaka Japani kuangalia viwanda vya kule. Pikipiki zikaonyeshwa 1990, kuuzwa 1991, silinda tatu na silinda nne, na vifaa vingi vinaingiliana kati ya injini moja na nyingine. Na ile oili wakaimaliza kwenye mzizi. Injini za zamani nyumba ya krenki, yaani kasha la chini la injini, ilikuwa inapasuliwa wima, nusu ya kulia nusu ya kushoto, kwahiyo mstari wa maungio unapita mpaka chini kabisa oili inapokaa, gasketi ikichoka kidogo tu sakafu imelowa. Za Hinckley zimepasuliwa kwa mlalo kama za Kijapani, maungio yapo juu ya oili. Kitu kidogo lakini ndo kiliwarudishia watu imani.

Na hakuanza na Bonneville! Bonneville alikuja kuirudisha 2001, miaka kumi baadae, kampuni imeshasimama. Wengi wanaofufua wanaanza na kumbukumbu, wakitegemea wazee watalia machozi na kutoa hela, ila mteja akishapoa anataka spea na waranti kama mteja yeyote.

Dada wa Silinda Mbili:
Mkereza nakubaliana na wewe ila sio wote walikuwa na hela za nyumba kama Bloor, na sio lazima uwe mkubwa ndo uwe hai. Ukubwa sio kipimo. Chukua Hesketh. Lord Hesketh alianza na V1000 mwanzoni mwa miaka ya 80, pikipiki ya kifahari, injini kubwa ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V, karibu cc 1000, lakini silinda ya nyuma ilikuwa inachemsha maana upepo hauifikii vizuri, na 1982 kampuni ikawa imeshaanguka, zimetoka chini ya mia mbili. Ilitakiwa iishie pale. Mick Broom, injinia aliyekuwepo tangu majaribio, akabaki nazo, akarekebisha mzunguko wa oili ili ile silinda ya nyuma ipoe, akawa anaziboresha na kuunda mojamoja kwa mkono miaka na miaka. Hakuna tangazo, hakuna mwekezaji, mtu anaijua mashine yake tu. Mimi huyo namheshimu kuliko bilionea yeyote. Hesketh ya 2014 ile ya injini kubwa ya S&S kutoka Marekani ilipangwa 24 tu, sawa ni nzuri, ila kwangu uhai wa lile jina upo kwa Broom.

Halafu kuna Andy Molnar kule Lancashire anaunda Manx Norton mpya kabisa za mashindano, na marehemu Patrick Godet kule Normandy, Ufaransa, alikuwa anaunda Egli-Vincent, yaani fremu ya Egli yenye injini ya Vincent ya Kiingereza, mpaka anafariki 2018. Hao hawafukuzii elfu kumi kwa mwaka, wanaunda idadi wanayoweza kuisimamia wenyewe.

Kuhusu injini ya kununua, wakuu tuache kulaumu. George Brough wa Nottingham alikuwa ananunua injini kwa watengenezaji wengine, JAP na Matchless, yeye anachagua, anaunganisha, anajaribu, na kwa modeli yake ya SS100 alikuwa anatoa hati kwamba imefika maili 100 kwa saa. Kwa karibu miaka 20 zilitoka kama elfu tatu tu, yaani Brough ilikuwa ya idadi ndogo tangu enzi zake, na T. E. Lawrence, yule mwanajeshi maarufu wa Uarabuni, alizimiliki saba. Leo jina liko Toulouse Ufaransa, na injini wameagiza ichorwe mpya. Ariel nao, wale wa Somerset, pikipiki yao ya Ace ina injini ya V4 (silinda nne) ya Honda cc 1237 ila fremu inachongwa kwenye aluminiamu kwa mashine, ukiiangalia karibu unaona njia ya kisu ilipopita. Hiyo ni kazi, sio stika.

Kijana wa Solihull:
Mzee wa Kiki ukisikia mtu anachukua hela ya oda kabla ya pikipiki kuwepo, kimbia. Norton ya Donington Hall ilianguka Januari 2020 na kuna watu walishalipa amana miaka nyuma wakabaki mikono mitupu, na 2021 kampuni ikiwa kwa wamiliki wapya ikabidi iwatangazie wenye V4SS, ile modeli yao ya bei kubwa, za mwanzo wasiziendeshe, kwa usalama wao. Yaani pikipiki ya bei ya gari inakaa sebuleni. Iliyoinunua Norton ni TVS ya India, pauni milioni 16, wakajenga kiwanda kipya hapa Solihull.

Mzee wa Kiki:
Subiri kwanza, TVS hii hii ya bodaboda za nyumbani??

Kijana wa Solihull:
Hiyo hiyo mkuu, ile HLX inayobeba abiria watatu na kreti la soda. Na Bajaj wa Boxer ndo wanaunda Triumph 400 kwa ushirikiano, zimetoka 2023. Mimi kwangu hiyo ni habari njema kabisa, hawa wanajua kuunda kitu kinachopigwa kila siku na fundi wa barabarani anakifungua kwa spana tatu.

Mkereza Vyuma:
Dada hapo kwa Broom umenigusa. Ila kumbuka Broom na Molnar wanahudumia watu wachache wenye uvumilivu, wengine wenye gereji zao. Mzee anataka kwenda nayo kazini. Na siku hizi sheria zimebana, Euro 4, kiwango cha Ulaya cha moshi na kelele, ilipoingia 2016 na 2017 ABS (breki zisizofunga tairi) ikawa lazima juu ya cc 125, na kuipeleka injini kupimwa moshi na kelele gharama haijali unauza 50 au elfu 50. Ndo maana mdogo anaishia kununua injini iliyopita tayari au kupitisha pikipiki mojamoja.

Kwa hiyo kwa hela ya kawaida nakwambia BSA Gold Star. Jina walilichukua Classic Legends wa kundi la Mahindra la India 2016, pikipiki ikaonyeshwa Desemba 2021, silinda moja cc 652, msingi wake ni injini ya Rotax ya Austria, ina rejeta. Gold Star ya zamani nayo ilikuwa silinda moja, so hawajadanganya umbo. Haikutoka Small Heath Birmingham, kiwanda cha zamani cha BSA, ndio, lakini Small Heath hakuna wa kukuundia.

Ukienda kuijaribu iombe ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe usikilize. Kisha muulize wakala kebo ya klachi, filta ya oili na leva ya breki. Akivitoa rafuni mbele yako, kaa mzungumze bei. Akianza kukwambia vimeagizwa, rudi na Kijapani yako, utakuja tena mwakani.