Mjadala: Mgogoro wa jina la asali uende mahakamani, kwa Msajili, au umalizwe mezani?

Mizinga_Uyui (mwanzisha mada)
Mwangaluka ndugu zangu. Tuchukue mfano huu. Chama cha wafugaji nyuki kinauza asali ya miombo katika chupa za nusu kilo na kilo moja, kwa jina na lebo ileile miaka sita sasa, lakini hakikuwahi kusajili alama ya biashara. Mfungashaji wa Tabora mjini anaibuka na kuomba BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, wamsajilie jina hilohilo. Msimamo wangu ni kwamba wasifike mahakamani. Wakae mbele ya afisa ushirika na afisa biashara wa halmashauri, waelewane. Kesi itameza fedha za msimu mzima wa kurina, na wanaoumia ni wanachama wenye mizinga kumi, kumi na tano.

Wakili_Isevya
Ndugu Mizinga, mezani nakubali, ila si kwa mpangilio huo. Msajili wa alama pale BRELA akilikubali ombi, hulitangaza kwenye Jarida la Hataza na Alama za Biashara na Huduma. Kuanzia siku ya tangazo kuna siku 60 za kuweka pingamizi. Siku hizo zikiisha kwa vikao vya halmashauri, mfungashaji anapata cheti, na hapo mazungumzo yanageuka kuwa maombi ya huruma.

Pingamizi ni hatua ya kwanza na ina nafuu kubwa. Chama kinapeleka taarifa yenye sababu: kwamba kilianza kulitumia jina, kwamba wateja watachanganyikiwa, kwamba ombi halina nia njema. Mwombaji anatakiwa kujibu kwa maandishi, na asipojibu kwa wakati ombi lake huhesabika limeachwa. Baada ya hapo kila upande unaleta ushahidi kwa tamko la kiapo, Msajili anasikiliza na kuamua. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu.

Pingamizi nyingi zinafia kwenye ushahidi. Kusema "tumeuza miaka sita" hakutoshi. Zinatakiwa risiti za mashine ya kodi (EFD) zenye jina la bidhaa (si neno "asali" tupu), hati za kupokelea mzigo kutoka kwa wenye maduka, ankara za kuchapisha lebo, na lebo zenyewe za kila mwaka. Picha na ujumbe wa simu vinakubalika chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini viambatane na kiapo kinachoeleza vilitoka kwenye kifaa gani, nani alikitunza na vilichapwaje. Bila hicho mnampa mpinzani kitu cha kushambulia.

Lebo_Cheyo
Naongeza mambo mawili yanayoharibu mashauri ya namna hii kabla hayajaanza.

Vyama vingi vina cheti cha jina la biashara na vinaamini vimeshalinda bidhaa. Hapana! Jina la biashara linasajiliwa chini ya sheria nyingine, na linaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina hilo. Halikupi haki ya kumzuia mwingine kuliweka kwenye chupa. Nembo ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) nayo inathibitisha viwango, haigusi umiliki wa jina. Msimbo pau pia.

La pili ni mchoro wa lebo. Hakimiliki inazaliwa kazi inapotengenezwa, bila usajili, na mchoraji wa kujitegemea anaweza kudai kuwa ni yake. Ndiyo maana mfungashaji mjanja huenda kwa mchoraji yuleyule akanunua mchoro. Kumlipa elfu hamsini na kupewa faili si uhamisho wa haki. Uhamisho uwe wa maandishi na usainiwe. Karatasi moja inatosha, na ipatikane kabla ya kuchapa lebo ya kwanza.

Mawese_Ujiji
Salamu kutoka Kigoma. Huku tatizo ni lilelile kwenye mawese na dagaa, ila kuna jambo hamjaligusa: madaraja ya bidhaa, yaani makundi ambayo alama husajiliwa kwayo. Asali ni daraja la 30. Mafuta ya mawese ya kula na dagaa wakavu ni la 29. Sabuni ni la 3, mishumaa ya nta ni la 4. Kila daraja lina ombi lake. Chama kikishinda kwenye asali kikaacha mishumaa wazi, mfungashaji anaweza kuomba jina hilo huko, na mnaanza upya kubishana.

Tena, kama jina lenyewe ni la mahali pamoja na bidhaa, tuseme "Asali ya Tabora", mimi sitaki lipewe chama wala mfungashaji. Ni jina la kila mrina asali wa Sikonge, Urambo na Kaliua. Hoja ya kupinga hapo ni kwamba halitofautishi bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine.

Wanaopeleka mzigo Zanzibar nao wajue kuwa cheti cha BRELA kinaishia Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwanda ya 2008, na usajili wake.

Mizinga_Uyui
Wakili, nimekuelewa kuhusu siku 60. Lakini tuseme zimepita. Huoni kwamba sasa meza ndiyo pekee iliyobaki? Alama haijasajiliwa, chama kitashtaki kwa lipi? Au twende FCC, Tume ya Ushindani?

Wakili_Isevya
Bila usajili huwezi kudai kuvunjiwa haki ya alama. Lakini unaweza kumshtaki anayeuza bidhaa yake kana kwamba ni yako. Uthibitishe mambo matatu: jina lako linajulikana kwa wateja, yeye anawapotosha, na wewe umepata hasara au uko karibu kuipata. Ukomo wa kufungua shauri hilo ni miaka mitatu. Unaweza pia kuomba alama yake ifutwe kwenye daftari.

Mahakama Kuu ipo Tabora na Kigoma, kwa hiyo hoja ya umbali haina nguvu sana. Hoja ya gharama ninaiheshimu. Zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha mpinzani wakati kesi inaendelea, linapimwa kwa masharti ya shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969: kuna jambo zito la kuamuliwa, hasara isiyolipika kwa fedha, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Wengi hukwama kwenye la pili, kwa sababu wanataja hasara kwa shilingi kamili, na mahakama inajibu kwamba basi mtalipwa fidia.

FCC inafaa dhidi ya anayeghushi bidhaa yako. Kwa watu wawili wanaodai jina moja, mwenye cheti ndiye mwenye nguvu mbele ya mkaguzi.

Mizinga_Uyui
Basi wakubaliane wote watumie, mmoja kifuniko cha njano, mwingine cheusi.

Wakili_Isevya
Hilo nalipinga kabisa. Mteja anasoma jina. Asali ya mmoja ikichacha kwa kurinwa kabla masega hayajazibwa, ikabaki na maji mengi, lawama inawaangukia wote wawili.

Lebo_Cheyo
Mimi ningepanga hivi: pingamizi liwekwe ndani ya siku 60, mezani waende siku inayofuata. Makubaliano yaseme nani anabaki na jina, mwingine anamaliza lebo zilizochapwa ndani ya miezi mingapi, na ombi la BRELA linaondolewa au linahamishiwa chama. Pingamizi lisiondolewe mpaka uhamisho uingizwe kwenye daftari. Kama tayari kuna kesi, makubaliano yasajiliwe mahakamani yawe hukumu, ili akiyavunja mnakwenda kukazia hukumu badala ya kufungua shauri jipya.

Mawese_Ujiji
Na nani atamlipa wakili wa kuandika hilo pingamizi? Ushirika uweke fungu kwenye bajeti kabla ya msimu, pamoja na ada za kusajili kila daraja. Hapo ndipo mimi ningewabana viongozi wa vyama kwenye mkutano mkuu.