Pipa la kubanikia nyama: siki, soda ya kuokea, sabuni au moto? Tulinganishe

Mchomaji wa Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Nina pipa la kubanikia la lita 200, limekatwa ubavuni na kutiwa bawaba, sanduku la moto liko pembeni. Nabanika kuku na mbavu za mbuzi kila mwisho wa wiki, na wateja wa mtaani wameshaanza kunizoea. Sasa ndani hapatamaniki. Mfuniko una masizi yanayonata, chini mafuta yameganda pamoja na majivu, wavu umeshika ukoko. Nyama ya juzi ilikuwa na uchungu unaobaki ulimini hata baada ya kunywa maji.

Nyumbani nina siki nyeupe, soda ya kuokea, malimau, sabuni ya mche, sabuni ya maji ya vyombo na jiki. Jirani anatengeneza sabuni, ana kostiki soda na yuko tayari kunigawia. Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Naomba tulinganishe hapa: kipi kinatoa uchafu kweli, kipi hakiachi sumu kwenye chakula, na kipi hakili chuma.

Fundi Gerezani

Mkuu, kabla hujafungua chupa yoyote, tafuta kwanza kitu cha kukwangulia. Mimi natumia kipande cha bapa la chuma nilichokiondoa makali. Pipa likiwa limepoa kabisa, toa wavu, zoa majivu, kisha kwangua pakavu ukianzia mfunikoni na kushuka chini. Sehemu kubwa ya uchafu wako inatoka hapo, bila hata tone la maji.

Ila usikwangue kila cheusi unachokiona. Pitisha ukucha. Ukikuta weusi mgumu, mlaini juu, hauachi alama kidoleni, huo ni mafuta yaliyopikwa na joto hadi yakashikana na chuma. Ndiyo kinga ya pipa dhidi ya kutu. Uache. Ukikuta unabanduka magamba membamba, hayo ni masizi na mafuta yaliyokauka. Wateja huniletea mapipa wakisema rangi inabanduka, na mimi ndani sipaki rangi kamwe. Hayo magamba yatoe yote, maana yatadondokea kwenye nyama. Na ukikuta unanata na kuacha doa la kahawia kidoleni, basi umeukamata uchungu wako. Chanzo chake ni kuni mbichi na bomba lililobanwa: moshi mweupe mzito unakosa hewa, unagota kwenye mfuniko uliopoa na kugeuka utomvu.

Ukishakwangua, washa moto mkali bila nyama, matundu yote wazi, joto lipande nyuzi 200 hadi 230, uache nusu saa hadi saa nzima. Utomvu uliobaki utakauka na kuungua, na utaweza kuubandua ukipoa. Usitangulize moto kabla ya kukwangua. Mafuta yaliyotuama chini yakishika, huo si moto wa kuni tena.

Mchomaji wa Tegeta

Nimekupata fundi. Na yakishika?

Fundi Gerezani

Funga matundu yote ya hewa pamoja na bomba, mfuniko ubaki umefungwa, kaa mbali. Moto ukikosa hewa unakufa. Maji usimwage kabisa: yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka. Na usifungue kuchungulia mapema, hewa ikiingia kwa mpigo moto unakurukia usoni. Ndoo ya mchanga iwe karibu siku zote.

Mama Sangara, Mwanza

Fundi, kwenye mwili wa pipa nakubaliana nawe. Kwenye wavu, hapana. Wavu ndio unaogusa chakula, na wavu unataka maji ya moto na sabuni.

Mimi nabanika sangara na sato. Sangara ana mafuta mengi, yanashuka kwenye kila unganiko la waya na kukaa humo. Nakuna sabuni ya mche kwenye beseni la maji ya moto, naloweka trei usiku kucha, asubuhi nasugua kwa dodoki na kipande cha gunia, nasuuza kwa maji ya moto tena, halafu naanika juani mpaka zikauke kabisa. Pale waya zinapopishana natumia kijiti kilichochongwa. Sabuni ya maji ya vyombo nayo inafanya kazi, ila povu lake linakawia kuisha, lazima usuuze mara nyingi zaidi.

Kwetu usafi wa trei hauishii kwenye ladha. Wale viwavi wenye manyoya wanaotoboa samaki mkavu hukulia kwenye mabaki yaliyokwama pembeni mwa tanuri na trei. Ukiacha mabaki, mzigo wa wiki ijayo unashambuliwa kabla haujafika sokoni. Wapo wanaoamua kupulizia tanuri dawa ya mbu au ya mende. Ndugu zangu, msithubutu. Ile dawa inakwenda moja kwa moja kwenye mlo wa mtu. Sabuni, jua na moto vinatosha.

Mwalimu wa Kemia

Nawasalimu wote. Mama Sangara yuko sahihi, na sababu yake ndiyo inayoamua ulinganisho huu wote.

Uchafu wa pipa ni mafuta na utomvu wa moshi. Mafuta hulegezwa na sabuni na alkali. Siki na limau ni tindikali, kwa hiyo vitakupa harufu nzuri huku mafuta yakibaki palepale. Siki ya dukani ina takriban asilimia 5 ya tindikali ya asetiki. Kazi yake ni kutu nyepesi, madoa ya chokaa ya maji, na kioo cha kipimajoto kilichofifia. Kwa hayo ni nzuri na haina madhara ukisuuza.

Soda ya kuokea, yaani baikaboneti, ni alkali dhaifu. Nguvu yake kubwa iko kwenye chembechembe zake: ukiikoroga na maji kidogo iwe uji mzito, ukaipaka kwenye ukoko na kuiacha saa kadhaa, inasugua bila kuchubua chuma. Magadi yale ya maharage ni makali zaidi yake. Majivu ya kuni yaliyochekechwa nayo yana kaboneti ya potasiamu, ndiyo maana sufuria zenye mafuta zimesuguliwa kwa majivu tangu enzi. Kwa wavu, mimi nitaweka majivu au magadi mbele ya soda ya kuokea, na ni ya bei nafuu. Vaa glavu tu, yanakausha ngozi.

Sasa kuna video zinazozunguka za kumwaga siki juu ya soda ya kuokea, povu linapanda, kila mtu anavutiwa. Povu lile ni hewa ya kaboni dayoksaidi ikitoka. Tindikali na alkali zimekwisha kuuana, umebaki na maji yenye chumvi ya asetati ambayo hayasafishi chochote cha maana. Ukitaka vyote viwili, tumia kimoja, suuza, ndipo ulete cha pili.

Jiki iondoe kabisa kwenye orodha yako. Haitoi mafuta, inakula chuma, na hatari yake ni kubwa mno kwa kazi hii. Ikikutana na siki au limau inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, inatoa kloramini. Fikiria umeingiza kichwa na mabega ndani ya pipa unasugua, na gesi hiyo inapanda hapo hapo ulipo. Watu wameishia hospitali kwa mchanganyiko huu wakiwa bafuni tu.

Kostiki ni hidroksidi ya sodiamu, ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi kali za kusafishia oveni. Inageuza mafuta kuwa sabuni, na kwa nguvu ya kutoa uchafu inashinda vyote hapa. Lakini inachoma ngozi, inapofusha macho, inang'oa na ile kinga anayoisema fundi, na ikigusa alumini inatoa hewa ya hidrojeni inayoweza kulipuka. Jirani yako anajua kuitumia kwenye sabuni kwa vipimo. Kwenye pipa la chakula lenye pembe na mikunjo usiyoweza kuisuuza vizuri, mrudishie na ahsante.

Mkaazi wa Nyali

Hamjambo. Sisi wa Pwani tuna adui mwingine, chumvi ya hewani. Pipa likioshwa na kuachwa na unyevu, kesho yake asubuhi lishaanza kutu. Kwa hiyo ukishatumia maji, hata kidogo, washa moto mdogo likauke kabisa, kisha ukiwa bado na uvuguvugu pitisha kitambaa chenye mafuta ya kupikia. Yawe kidogo sana, chuma king'ae tu. Ukipaka mengi yanageuka gundi na umerudi ulikoanzia. Halafu moto tena, ile saa moja ya fundi. Vile vitambaa vya mafuta usivirundike stoo, vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka. Vianike vilivyotandazwa nje, au viloweke majini kabla ya kuvitupa.

Majivu nayo yasilale ndani. Yakivuta unyevu yanakuwa maji makali yanayotoboa kitako cha pipa, na mapipa mengi huku huanza kuoza hapo.

Na msimu wa mvua likifungwa muda mrefu, utafungua ukute ukungu. Hapo siki peke yake haitoshi. Tupa kuni na makaa yaliyobaki ndani, kwangua, piga moto mkali, osha wavu kwa sabuni, piga moto tena. Ukilihifadhi, acha tundu moja wazi lipumue, bomba lifunikwe lisiingize mvua.

Kwa matumizi ya kila siku mie hutumia kitunguu. Nakikata nusu, nakichoma kwa uma mrefu, nasugua wavu ungali moto. Unatoka safi.

Fundi Gerezani

Kitunguu ni cha wavu ambao tayari ni safi, dada. Kinatoa mabaki mabichi ya leo, hakiwezi ukoko wa mwezi mzima.

Mkaazi wa Nyali

Hilo nakubali. Ndiyo maana nimesema kila siku, hauachwi ufike mwezi.

Mswahili wa Minnesota

Salamu kutoka baridini. Huku wengi tuna majiko ya moshi ya umeme yanayochoma vidonge vya machujo ya mbao, kwa hiyo kwa wenye majiko hayo neno moja: maji yasiingie kwenye sanduku la moto wala kwenye njia ya vidonge. Vidonge vikilowa vinavimba na kuziba. Chomoa umeme, nyonya majivu yakiwa yamepoa kabisa, futa kile kijiti cha kupimia joto kwa kitambaa chenye siki kidogo. Kikifunikwa na masizi kinasoma joto la uongo na nyama haiivi.

Lakini nilichokuja kusema kinawahusu wote. Brashi ya waya. Nywele zake hukatika, zinabaki kwenye wavu, zinaingia kwenye nyama na huzioni. Mwaka 2012 kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa hapa Marekani, CDC, kilichapisha taarifa ya wagonjwa wa Providence, Rhode Island, waliomeza nywele za brashi hizo. Wengine zilikwama kooni, wengine zilitoboa utumbo wakafanyiwa upasuaji. Tumieni kikwangulio cha mbao ngumu, dodoki, au karatasi ya alumini iliyofinyangwa. Mwenye brashi ya waya asiache kufuta wavu kwa kitambaa chenye maji na kuukagua kwenye mwanga kabla ya kuweka nyama.

Mama Sangara, Mwanza

Hili la brashi nalipeleka kwa wenzangu leo leo. Ahsante mwanangu.

Mchomaji, jambo moja zaidi litakalokupunguzia kazi. Weka sinia la kukinga mafuta chini ya wavu, na ulimwage kila ukimaliza kubanika. Tanuri la FTT-Thiaroye, lile lililobuniwa Senegali kwa ushirikiano wa FAO na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, lina trei ya namna hiyo ili mafuta ya samaki yasidondokee makaa. Tangu nianze kukinga, kuta za tanuri langu zinachukua muda mrefu zaidi kuchafuka na samaki wanatoka na rangi ya dhahabu.

Mwalimu wa Kemia

Tena sinia hilo ni afya. Mafuta yanayodondokea makaa hutoa moshi wenye kemikali kama benzopireni, inayosababisha saratani, na moshi huo unarudi kukaa juu ya nyama. Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango kinachoruhusiwa kwenye nyama na samaki wa moshi kutoka mikrogramu 5 hadi 2 kwa kilo, kuanzia Septemba 2014. Kwa hiyo utaratibu wa mama, pamoja na kuni kavu na bomba lililo wazi, unapunguza kinachokulazimisha kusugua na kinachomdhuru mlaji kwa wakati mmoja.

Mchomaji wa Tegeta

Wakuu, nashukuru sana, shikamoo mama. Kostiki nimeshamwambia jirani basi. Nimeanza kukwangua mfuniko leo, magamba yamejaa karai, na chini yake nimeikuta hiyo ngozi nyeusi ngumu.

Swali langu la mwisho. Wavu nimeuloweka kwenye sabuni, ukoko umetoka vizuri, ila sasa waya unaonekana una ganda la kijivu linalong'aa na sehemu nyingine limebanduka. Wavu wenyewe ni rafu ya friji ya zamani. Niendelee kuusugua kwa siki mpaka litoke lote?

Fundi Gerezani

Acha kusugua. Huo utoe usirudi kwenye pipa.

Mwalimu wa Kemia

Naungana na fundi. Rafu za friji hazikutengenezwa kwa ajili ya moto. Nyingi zimepakwa zinki, na baadhi ya zile za zamani zilipakwa kadimiamu, ambayo ni sumu mbaya zaidi. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, joto ambalo makaa yaliyo karibu hufikia bila shida, na tindikali huiyeyusha hata bila moto. Kwa hiyo siki, limau na hata nyama iliyolowekwa kwenye ndimu vyote vinaihamishia kwenye chakula. Hilo ganda linalobanduka limeshaanza kwenda kwa wateja.

Fundi Gerezani

Pima ndani ya pipa urefu na upana, uniandikie pembeni. Nitakuchomelea wavu wa nondo nyembamba zisizopakwa kitu. Ukiupata, uoshe kwa sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, upake mafuta ya kupikia, uchome mara mbili bila nyama. Wikiendi hii waambie wateja hakuna biashara.