Ushauri: kuhamisha kanda za kamera kwenda DVD bila kuharibu picha

KitanaChaMbao: Wakuu, salaam. Nina kaseti 5 za MiniDV (zile ndogo za kamera ya dijitali), saa 1 kila moja, ikiwemo harusi ya dada ya 1991. Nataka zote ziingie kwenye DVD 1 ya mama, ubora ubaki uleule. Nimejaribu, picha imekuwa vibokisi na mtu akitembea anaota meno kama ya kitana. Programu gani ni nzuri? Nina haraka.

FundiWaya: Programu haina kosa. Saa 1 ya DV, yaani picha ya kaseti hizo, inakula kama GB 13, wewe unashindilia saa 5 kwenye GB 4.7. Unabakiwa na megabiti 2 kwa sekunde, sauti humohumo, wakati DVD inaruhusu picha hadi 9.8. Saa 1 kwa diski, ukibana sana 2. Ulivuta kwa waya gani?

MzeeWaRimoti: Mimi za kwangu zilikaa kabatini mpaka zikaota ukungu. Mke wangu akasema afadhali, nilivyokuwa nacheza siku ile.

Nasaha: Mngekaa na wazazi mkaongea nao, msingehangaika na kanda.

KitanaChaMbao: Asante Nasaha, ila mama ninaishi naye. Fundi, diski lazima iwe 1, nilishamwahidi. Waya ni USB, FireWire (ule waya wa kamera za dijitali) kompyuta yangu haina tundu lake. Kuvuta nimeshamaliza.

FundiWaya: Ndipo ulipokosea. Kamera nyingi za MiniDV kwenye USB hutoa picha ndogo iliyobanwa. FireWire inaleta data ya kanda kama ilivyo. Azima kompyuta yenye tundu hilo, urudie. Hayo meno yasikutishe: DV imefumwa kwa mistari ya shufwa na witiri, kwenye TV inatulia. Usiyafute hayo meno kwa programu, na uache mpangilio uanze na uga wa chini (fungu moja la mistari hiyo), la sivyo watu watatetemeka.

KitanaChaMbao: Kurudia haiwezekani.

FundiWaya: Kwa nini?

KitanaChaMbao: Haiwezekani tu. Nisaidieni kwa faili nilizonazo.

MzeeWaRimoti: Huyu kaziuza.

KitanaChaMbao: Sijauza! Kaseti 3 nimerekodia mahafali ya mdogo wangu juu yake. Kaseti mpya ni za kutafuta kwa tochi, na faili si nilikuwa nazo? Mngekuwa nyie mngefanyaje?

MzeeWaRimoti: Tungenunua kitana.

Nasaha: Na harusi imo kwenye hizo 3?

KitanaChaMbao: Imo.

SitiYaMbele: Ngojeni kwanza. Harusi ya 1991 kwenye MiniDV? MiniDV imetoka 1995. Wakuu, hii ni chai, tena haina sukari. Mods fungeni.

MzeeWaRimoti: Nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma!

Nasaha: Kumsingizia mama kwa ajili ya laiki.

KitanaChaMbao: Chai gani? Harusi ilipigwa na Video8, zile kaseti za zamani za analogi, shemeji ndiye aliyeihamishia MiniDV baadaye. Sikuona umuhimu wa kueleza.

FundiWaya: Hiyo Video8 yenyewe iko wapi?

KitanaChaMbao: Kwenye sanduku la mama. Kamera yake ilikufa zamani.

FundiWaya: Ndugu yangu, asili unayo halafu unalia na nakala! Tafuta kamera ya Digital8 (ya dijitali, ila kaseti zake ni umbo lile la Video8), ila hakikisha ni ya zile zinazosoma na Video8, maana si zote. Inatoa kwa FireWire. Weka faili kamili kwenye hadidiski mbili, DVD iwe ya kutazamia tu. Na mama alisema lini anataka diski 1?

KitanaChaMbao: Hakusema. Mimi ndiye niliyeahidi.

SitiYaMbele: Chai naifuta. Kaseti 2 zilizobaki, angalia kile kitufe cha mgongoni kama kiko SAVE, zisirekodiwe juu.

KitanaChaMbao: Moja ilikuwa REC. Imo ndani ya kamera.