Mshahara unatosha, kazi haina ladha: mafanikio yapimwe kwa nini?

Mkomani: Asalaam aleikum jamaa. Mtu yuko mapokezi kwenye hoteli huko Shela, Lamu, mwaka wa nne sasa. Mshahara unalipa kodi, karo na chakula, lakini jioni haoni alichokifanya. Moyo wake uko kwa mafundi wa majahazi kule kijiji cha Matondoni, Lamu hapa hapa. Nyumbani wanamwambia avumilie, atakuwa meneja. Atajuaje kama kasoro ni kazi yenyewe au ni mahali tu? Na akitaka kuhama, aanzie wapi bila kuwaumiza watoto?

BiLangoni: Aleikum salaam mwanangu. Asiandike barua ya kuacha kazi bado. Achukue daftari, na kwa wiki 3 kila jioni aandike mistari miwili: saa gani leo ilipita bila yeye kuiona, na saa gani ilimkaba, akiwa na nani. Wiki moja haitoshi, kwani wiki ya wageni wengi kila kitu hukera. Kisha asome yote kwa pamoja. Kero zikimrudia mtu yule yule au zamu ile ile, kazi haina kosa. Abadilishe zamu au ahamie hoteli nyingine. Zikirudia kazi yenyewe hata siku ambazo wakubwa hawapo, hapo ana jibu lake.

Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1959: mshahara na usimamizi vikiwa vibaya vinaudhi, lakini vikitengenezwa vinaondoa maudhi tu. Ridhaa hutoka kwenye kazi yenyewe, jukumu, na kutambuliwa. Kwa hiyo umeneja usimdanganye. Kama anachopenda ni kukaa na wageni, meneja hushinda na ratiba na hesabu.

FundiTezo: Kinachovuta watu kwenye majahazi ni kwamba kazi unaiona mwanzo hadi mwisho. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, unalazwa, mataruma, yaani mbavu zake, yanasimama, mbao zinapigwa, pamba inakalafatiwa, yaani inashindiliwa kwenye mishono kuziba maji. Siku ya kushua, chombo kikiingizwa majini, maji ndiyo yanayokukagua. Mbao mpya huvuja kidogo mpaka zivimbe, hilo ni kawaida. Lakini mshono ukiendelea kutoa maji, fundi anajua ni upi, na aliuziba nani.

Ila mwanafunzi hapewi tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, siku ya kwanza. Atabeba mbao, atasokota pamba, atatoboa matundu ya misumari mpaka viganja viote sugu. Na pesa huja kwa mafungu: mwenye chombo akichelewesha mbao, kazi inasimama na mfuko nao unasimama. Wengi hushindwa hapo, si kwenye ufundi.

Basi ajipime kwanza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa siku 1 ya mapumziko katika kila 7, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Siku 10 za likizo hiyo ashinde Matondoni mfululizo, akipewa kazi ya kubeba tu. Siku ya nane akiamka bado anataka kwenda, hayo si matamanio ya kutazama kwa mbali.

BiLangoni: Naongeza la pesa. Tuseme kodi ni shilingi 8,000, chakula 15,000, karo na mengineyo 7,000: jumla 30,000 kwa mwezi. Awe na ya miezi 6, yaani 180,000, kabla hajagusa kalamu. Asiondoke kuelekea masika, maana wageni hupungua na akitaka kurudi hatapata nafasi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, na aombe cheti cha utumishi.

Mkomani: Na kama 180,000 haipatikani?

FundiTezo: Aigeuze kazi aliyo nayo. Amwombe meneja ruhusa ya kuwapeleka wageni Matondoni mara moja kwa wiki kuona majahazi, aeleze yeye mwenyewe. Apeleke ombi lililoandikwa: siku gani, wageni wangapi, nauli ya mashua, nani atakaa mapokezi saa hizo. Ombi la mdomo hujibiwa "tutaona". Lenye hesabu hujibiwa ndiyo au la.

Mkomani: Shukran. Daftari linaanza Jumamosi.