Kupima PCB na DDT mabwawa ya mwatiko: maji, tope au samaki?

Kizibo_Dom: Wakuu, habari. Niko Dodoma, tunataka kupima PCB (kemikali za viwandani, kama za mafuta ya transfoma) na DDT (dawa ya wadudu) kwenye mabwawa ya samaki aina ya mwatiko, ya maji chumvi, huko pwani. Mpango ni lita 1 ya maji kila bwawa, kwenye chupa za plastiki, zipakiwe basi hadi maabara huku. Kuna kasoro?

Tope la Juu: Kasoro ni mpango wote, mkuu. Hizi kemikali hazikai majini, zinanasa kwenye tope na mafuta. Lita moja itasoma "haikuonekana", halafu mtu aandike bwawa ni safi. Chota tope la juu, sentimita 2 tu, kwa kijiko cha chuma cha pua, sehemu tano za bwawa, changanya. Gramu 200 zinatosha. Ukichimba zaidi unachanganya uchafu wa juzi na wa miaka ya nyuma. Samaki 10 wa ukubwa mmoja. Toa utumbo kabla ya kusaga: mwatiko anakula mwani wa chini pamoja na tope lake, utapima tope mara mbili.

Plastiki sahau, inafyonza kemikali zenyewe. Tumia glasi iliyosuuzwa kwa viyeyusho, asetoni kisha heksani, foili chini ya mfuniko. Chupa moja ifunguliwe bwawani, ifungwe tupu, isafiri na wenzake. Ikisoma PCB, uchafu ni wenu.

Mama Vipimo: Gunia la chakula mmelisahau, na PCB nyingi za samaki wa kufugwa huingilia humo, kwenye mafuta na unga wa samaki. Chakula chenye nanogramu 5 kwa gramu, kilo 1.6 kwa kila kilo ya samaki: nanogramu 8,000 zimeingia. Ikibaki nusu, samaki ana 4 kwa gramu hata tope likiwa safi.

Maabara wapime na asilimia ya mafuta. Nanogramu 2 kwa gramu ya samaki mwenye mafuta 4% ni 50 kwa gramu ya mafuta. Mwenye 1% ni 200.

Kizibo_Dom: Asanteni. DDT ya zamani nitaijuaje?

Tope la Juu: Linganisha na masalia yake, DDE na DDD. Ikikaa hugeuka DDE penye hewa, DDD kwenye tope lisilo na hewa. DDT yenyewe ikizizidi hizo mbili, kuna mtu kamwaga karibuni. Sampuli zisafiri kwenye barafu, mbadilishe njiani Morogoro, na chupa msizijaze: tope likiganda kwenye friza linapasua glasi.