Mjadala: Kazini tutapiga kura kwa mikono mpaka lini?

Mhudumu, Malindi (mwenye mada)

Juzi hotelini kwetu tulichagua mwakilishi wa wafanyakazi. Meneja kasimama mbele, mpishi mkuu ubavuni pake. "Anayemtaka huyu anyooshe mkono." Mikono ikapanda mmoja mmoja, kila mtu akimtazama jirani yake kwanza. Mgombea wa pili alipata mikono mitatu. Wale watatu wiki hii wote wamepangiwa zamu ya usiku. Yaweza kuwa sadfa.

Waliokuwa watu wazima 1988 wanaujua mtindo huu. Katika mchujo wa KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, mwaka ule watu walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, mchana kweupe, wakubwa wakitazama. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Ipo milolongo mifupi iliyotangazwa kuwa ndiyo mirefu, na watu walipokwisha kutawanyika hapakuwa na karatasi ya kuhesabu upya. Leo Katiba inataka kura ya siri, ila mimi nikivuka geti la kazini narudi mlolongoni. Mnaonaje, tuige uchaguzi wa nchi au tuuache huko huko?

Nahodha, Lamu

Pole kaka. Lakini usiichukue nchi nzima ukaitia hotelini. Kikundi chetu cha mashua za watalii tu watu kumi na wanne. Siri gani hapo? Karatasi nikiifungua tu, mwandiko naujua ni wa nani. Sisi tukiwa na neno twaketi barazani baada ya alasiri, twasema mpaka tuchoke, mwisho twapatana. Kura huacha mshinde, na mshinde wa kikundi kidogo kesho ndiye wa kukushikia tanga.

Mfanyakazi wa dobi, Malindi

Nahodha, barazani kwenu mie siketi.

Nahodha, Lamu

Hapo umenipata, dada. Sina jawabu la haraka.

Meneja mstaafu, Malindi

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, basi nisikilizeni kidogo. Hoteli si jamhuri. Mwenye mali hakuchaguliwa na mtu na hang'olewi kwa kura. Na mimi uchaguzi nautazama kwa jicho la Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi: wageni walikatisha safari, vyumba vikabaki vitupu katikati ya msimu, nikawarudisha vibarua makwao bila kujua nitawaita lini. Mkiiga kura, mtaiga na bahasha zake za kununua kura? Na ule wa kumpa kura "mtu wetu" kwa sababu ya kabila je?

Mhudumu, Malindi

Shikamoo mzee. Meneja wa kuchaguliwa sitaki, hilo tuliweke kando. Na bahasha sizitaki pia.

Lakini kilichotuunguza 2007 hakikuwa kupiga kura. Tume ya Kriegler, iliyoundwa kuuchunguza uchaguzi ule, ilisema hesabu zilivurugika hata haiwezekani kujua nani alishinda. Tatizo kubwa lilikuwa namba zinapokusanywa: huku inasomeka hivi, Nairobi inasomeka vile. Na marekebisho mengi yaliyofuata yalilenga hapo. Kura sasa huhesabiwa pale pale kituoni, mawakala wa wagombea wanaitia sahihi fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, nakala inabandikwa mlangoni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema matokeo ya urais yakishatangazwa jimboni ndiyo ya mwisho, makao makuu hayawezi kuyageuza. Mwaka ule ule, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais. Tume ya uchaguzi ilikataa kuifungua mitambo yake ikaguliwe kama ilivyoamriwa, na majaji walio wengi wakashikilia kwamba njia ya kufikia namba ina uzito kama namba yenyewe. Ikaja 2022: makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo, lakini fomu za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa wazi. Mtu mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe.

Sasa niambieni, sanduku la bakshishi pale mapokezi huhesabiwa wapi? Kwetu linabebwa likiwa limefungwa hadi ofisini, mwisho wa mwezi linarudi likiwa bahasha. Simtuhumu mtu. Nasema namba yetu inasafiri kabla haijabandikwa.

Mtunza bustani, Malindi

Nimecheka peke yangu hapa chini ya mkilifi. Mada ilianza na mwakilishi, imefika kwenye bakshishi. Ndipo penyewe.

Ila turudi kidogo kwa mwakilishi. Hata mkileta sanduku la siri, jikoni na ukumbi wa chakula ni wengi, watatushinda kila mara. Bustanini tuko wanne. Rais mwenyewe hatoshi kwa kupita nusu ya kura zote. Anatakiwa apate angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Kwa nini mwakilishi wetu asitakiwe kupata robo katika idara nyingi, tuseme nne kati ya saba? Basi na yeye aje huku kwenye jua atuombe.

Mfanyakazi wa dobi, Malindi

Na vibarua wa msimu je? Nchi ina daftari la wapiga kura, linafungwa mapema na kila mtu anajua yumo au hayumo. Sisi mwezi wa kura ndiyo unaambiwa wewe si wa kudumu.

Nahodha, Lamu

Hili la kuhesabu mbele ya watu nalikubali, hata kwa watu kumi na wanne. Nauli za mashua huzishika mtu mmoja, na manung'uniko yetu yote hutoka hapo. Kesho naleta daftari. Wawili wa safari tofauti watie sahihi kabla pesa hazijaondoka gatini. Kura ya siri bado mtanisubiri.

Meneja mstaafu, Malindi

Miaka kumi na tisa sanduku la bakshishi lilikuwa na ufunguo mmoja, nao niliushika mimi. Sikuchukua hata shilingi. Lakini nikikumbuka vizuri, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mfanyakazi wa dobi, Malindi

Tulikuwa tukiulizana, mzee. Wewe ukishatoka.